Mtawa wa Mume Wangu

Mume wangu alicheka kwa sauti Jumamosi moja ya baridi, ndani ya jumba la makumbusho mjini, na mimi ndiye niliyeona haya. Tulikuwa tumeingia humo kwa sababu hakuna kiingilio na kuna joto, na binti yetu alikuwa na kazi ya shule iliyomtaka achore vyungu vya zamani. Yeye akaenda kwenye vyungu vyake. Mimi nikatafuta benchi, maana nilikuwa nimetoka kazini, na muuguzi akimaliza zamu kitu cha kwanza anachotafuta ni mahali pa kukaa. Mume wangu akapotelea katika chumba cha pembeni. Muda si muda nikasikia kile kicheko, nikasimama.

Nilisimama kwa sababu nilikuwa sijakisikia kwa muda mrefu. Mama yake alikuwa amefariki Bukavu wakati barabara zimefungwa kwa sababu ya vita, akazikwa bila kifungua mimba wake. Sisi tulifanya matanga huku ughaibuni, kwetu Riverdale Park. Watu walijaa mpaka kwenye ngazi za nje, wakaimba, wakapika, wakaosha vyombo, wakaenda makwao. Baada ya hapo mume wangu aliendelea kuendesha foklifti kwenye ghala kule Landover, aliendelea kula na kusali na kuulizia masomo ya mtoto, lakini alikuwa kama mtu anayepokea simu ya mwenzake: anajibu vizuri, ila huoni kama maneno yanamhusu.

Nilimkuta mbele ya picha ndefu ya wino mweusi, iliyochorwa kwenye karatasi na kubandikwa juu ya kitambaa. Askari wa jumba alikuwa amesogea karibu, naye anajizuia asitabasamu. Kwenye picha kulikuwa na mtawa mzee wa Kibudha, kichwa kitupu kama yai, amekunja uso mzima kwa chafya, ndara zake zote mbili zimeruka hewani. Pembeni yalikuwepo maandishi ya Kijapani, na chini ukutani kibao kilichoyatafsiri: Nilikuwa karibu kuelewa kila kitu, ndipo nikapiga chafya.

"Bibi, angalia uyu muzee," aliniambia, huku anafuta machozi kwa kiganja. "Ilibakia kidogo tu ajue bintu byote. Kidogo tu."

Mimi ni mtu wa Kitale. Tulipooana ilinichukua muda kuzoea Kiswahili chake cha Kivu, na yeye hadi leo husema mimi naongea kama redio. Lakini siku hiyo hata angesema Kijapani ningemwelewa. Nilimshika mkono tukaiangalia ile picha pamoja, na akacheka tena.

Hivyo ndivyo mtawa yule alivyoingia kwenye ndoa yetu. Mume wangu aliazima vitabu maktaba, akaviazima tena, na tena, mpaka yule mama wa pale mapokezi akawa anamwekea pembeni. Kutoka humo alitujulisha kwamba huyu alikuwa mtawa wa zamani sana wa Zen, madhehebu ya Kibudha, aliyeishi katika hekalu la mashambani, na uzeeni akawa anamchorea picha ya mzaha yeyote aliyemletea mboga. Alichora vyura, panya, maboga, wazee wenye usingizi. Wakubwa wake walimwambia anaidhalilisha dini. Akawachora na wao.

Mwanzoni mume wangu alikusanya nakala tu, kadi za posta na kurasa za kalenda. Choo chetu kilijaa maboga. Mezani alikuwa anatusimulia visa vya mtawa kana kwamba ni mjomba wake wa Bukavu aliyetuma habari asubuhi, na binti yetu, ambaye huelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, akaanza kumwita mtawa huyo mjomba. "Mjomba kafanya nini leo?" angeuliza, na baba yake angeweka kijiko chini ili asimulie vizuri.

Kisha akapata picha ya kweli. Ilikuwa ndogo, imeliwa na wadudu kwenye kona, na katika mnada wa mtandaoni hakuna aliyeitaka isipokuwa yeye. Overtime ya majira mazima iliishia pale. Nilinuna kwa wiki nzima, halafu nikaenda nikajinunulia viatu nilivyokuwa nimevitamani, tukawa sawa. Picha yenyewe ilimwonyesha panya aliyekuja kuiba wali wa sadaka, akamkuta mtawa ameinama katika ibada, naye kwa adabu akainama. Mume wangu aliitundika kwenye ujia, kati ya chumba chetu na cha mtoto. Reli ipo nyuma ya nyumba yetu, na treni ya mizigo ikipita picha ilikuwa inayumba kidogo, panya anainama na kuinuka. Niliwahi kumkuta mume wangu amekaa sakafuni anasubiri treni.

Mwaka uliofuata lile jumba la makumbusho likatangaza mhadhara juu ya mtawa huyo. Siku yenyewe mume wangu alitoka kazini moja kwa moja, na buti zake za ghalani. Alikaa mstari wa nyuma, na kwenye kiti cha pembeni yake alikaa bibi mmoja mzee, Mzungu, mwembamba, ambaye mhadhara ulipoanza tu alisinzia. Ulipoisha mume wangu akamgusa bega.

"Ameshamaliza?" bibi akauliza. "Mume wangu angeongea mara tatu ya huyu."

Kumbe marehemu mumewe alikuwa ametumia nusu ya maisha yake kukusanya picha za mtawa huyohuyo, na baadhi ya zile zilizokuwa ukutani siku hiyo zilikuwa zake. Teksi ya bibi ilipochelewa, mume wangu akampeleka kwake Falls Church. Njiani alimwita Mama Muzee, kwa sababu kwao Bukavu mtu wa umri ule huwezi kumtaja kwa jina lake tupu. Alipomweleza maana yake, yule bibi alisema ni jina zuri kuliko alilopewa na wazazi wake. Mimi kwa Kiswahili changu cha redio nikamwita Mama Mzee, na ndivyo alivyobaki kwetu.

Wiki mbili baadaye alitualika. Nilitarajia nyumba kubwa ya tajiri. Ilikuwa nyumba ya matofali ya kawaida, yenye zulia lililochakaa na harufu ya dawa ya kuchua misuli, ila chumba kimoja kilikuwa na rafu zilizojaa masanduku marefu ya mbao, yamelala kama mikate. Mama Mzee alimfungulia mume wangu mlango wa chumba hicho, akampa glavu nyeupe zilizokuwa za mumewe, akanishika kiwiko.

"Mwache," alisema. "Tusipoondoka sasa atatuelezea."

Tukaenda jikoni. Alikuwa na birika la chai la udongo na biskuti ngumu. Akaniuliza kama mume wangu huamka alfajiri kusoma habari za mtawa. Nikamwambia anaamka. Akaniuliza kama anazo picha chooni.

"Maboga," nikasema.

"Wangu aliweka vyura. Wageni walikuwa wanatoka humo wamechanganyikiwa." Alinimiminia chai. "Likizo zetu zote tulienda palipo na picha zake. Siku ya kuzaliwa kwangu nilipewa picha. Nilipojifungua binti yetu alichelewa hospitali kwa sababu kuna mtu alimpigia simu kuhusu chura. Nilimchukia yule mtawa miaka na miaka."

"Na sasa?"

Aliangalia kule chumbani. Mume wangu alikuwa anacheka peke yake, kicheko cha chini, cha mtu anayejua yupo katika nyumba ya watu.

"Sasa nimekaa humu kimya mno," akasema. "Nilikuwa nimesahau kwamba hiyo ndiyo ilikuwa sauti ya nyumba yangu."

Tuliendelea kwenda, Jumamosi moja na nyingine. Mimi na Mama Mzee tulikuwa na chama chetu cha watu wawili pale jikoni, chama cha wake za wapenzi wa mtawa, na tuliwasema waume zetu, wake aliyekufa na wangu aliye hai, bila kumwonea yeyote. Nilimfundisha kupika chai ya maziwa ya kwetu, maziwa na majani yanachemka pamoja. Yeye alinifundisha namna ya kukunja picha zile kama mkeka bila kuvunja karatasi: unaanza chini, unakwenda polepole, huikazi.

Siku moja alimwambia mume wangu achukue moja akae nayo. "Usiinunue. Iazime," alisema. "Ukichoka nayo urudishe, uchukue nyingine. Humu hakuna anayeziangalia."

Ya kwanza kuja Riverdale Park ilikuwa boga. Boga tupu, kubwa, limekaa limeegemea upande, na mistari miwili mifupi ikiwa macho yaliyofumbwa. Maandishi yake yalisema: Mkuu wa hekalu letu, akitafakari. Mume wangu aliitundika sebuleni, na wiki hiyohiyo ikawa zamu yetu kupokea kina mama wa kanisa. Nilikuwa nimewaza kumwomba aiondoe kwa siku moja tu. Sikumwomba. Nilimkumbuka alivyokuwa kabla ya mtawa, nikaona kama kuna maneno, yasemwe tu.

Mke wa mchungaji aliingia, akavua koti, akasimama mbele ya ukuta. Ni mama mzito wa heshima, anatoka Uvira, na akinyamaza wengine nao hunyamaza.

"Hii ni dini ya nani?" akauliza.

"Ya Kibudha, mama," mume wangu akajibu. "Lakini ule mutawa alikuwa anacheka mukubwa wake. Mukubwa anasema anatafakari, kumbe analala." Akamsomea maandishi.

Mke wa mchungaji alisogea karibu zaidi. Aliliangalia lile boga kwa muda, tumbo lake, namna lilivyoegemea.

"Huyu ni bwana yangu kabisa," alisema taratibu. "Siku ya Jumatatu. Kwenye kochi."

Mama mmoja akaficha uso kwenye leso, mwingine akashindwa kujizuia, na kikao kikachelewa kuanza. Tangu siku ile kanisani kwetu mtu akisema mchungaji yuko katika maombi siku ya Jumatatu, kuna kina mama wanaoinamisha vichwa kwa namna fulani.

Baada ya boga ikaja picha iliyonipata mimi. Nilikuwa nimetoka zamu mbaya, zamu ya kuinua wazee wazito na msaidizi hakuja kazini, na mgongo ulikuwa unawaka moto. Nilipoingia sebuleni nikakuta mume wangu ametundika mpya. Mtawa anavuka mto, maji yako magotini, na mgongoni amebeba punda. Punda mzima, masikio yamening'inia, ana sura ya abiria aliyezoea. Mume wangu alinisomea tu maandishi: Leo ni zamu yangu.

Nilikaa chini na yunifomu yangu nikacheka mpaka mgongo ukauma zaidi. Kisha nikalia kidogo, nikaomba maji ya moto. Tangu hapo nilipokuwa natoka kazini, nilimsalimia punda kabla ya kumsalimia mtu yeyote. Mpaka siku ile, mapenzi ya mume wangu kwa mtawa, kama yale ya marehemu wa Mama Mzee, nilikuwa nikiyaangalia kutoka jikoni. Kwa punda yule na mimi nikaingia sebuleni.

Punda alikuwa nasi kitambo ndipo binti wa Mama Mzee alipokuja. Ni mwanamke wa makamo, wakili, alikuwa amesafiri kutoka mji mwingine kumtembelea mama yake, akakuta sanduku moja limetoka mahali pake kwenye rafu. Alisimama mlangoni petu na koti lake refu, na funguo za gari mkononi, akasema amekuja kuchukua mali ya baba yake.

Nilijua anachokiona: mume wangu na buti zake, nyumba yetu ndogo, lafudhi zetu, na mama yake mzee anayeishi peke yake. Nilifungua mdomo. Mume wangu akanitangulia.

"Karibu," alimwambia kwa Kiingereza chake cha polepole. "Naomba dakika chache, haitaki haraka."

Alinawa mikono, akavaa glavu, akaishusha ile picha. Aliikunja kuanzia chini, akaifunga utepe, akailaza kwenye sanduku lake. Yule mwanamke alimtazama muda wote. Alipoona glavu midomo yake ilifungika, nafikiri alizitambua. Kisha aliuliza, sasa kwa sauti ya chini, mume wangu anataka nini kwenye hizi picha.

"Zinanichekesha," mume wangu akasema. "Mama yangu alikufa, nikaacha kucheka. Huyu akanirudishia."

Yule mwanamke alichukua sanduku, akalibeba kama unavyobeba mtoto usiyemzoea, akaenda. Sikusema neno zuri juu yake jioni hiyo. Mume wangu alisema tu kwamba punda alikuwa mgeni, na mgeni huondoka. Lakini alikula kidogo, na nilipotoka kazini kesho yake nilijikuta nimesimama mbele ya msumari mtupu.

Siku chache baadaye Mama Mzee alinipigia simu, sauti yake kavu kwa hasira.

"Nimemwambia mali ni yangu na bado sijafa," alisema. "Nimemwambia asipomrudisha yule punda, chakula chake atakula peke yake."

"Usigombane naye kwa ajili yetu, Mama Mzee."

"Si kwa ajili yenu. Amejitahidi maisha yake yote kumchukia mtawa kwa niaba yangu. Nimemwambia apumzike sasa."

Jumapili hiyo tulipotoka kanisani tulimkuta binti yake amekaa ndani ya gari nje ya nyumba yetu, sanduku limefungwa mkanda kwenye kiti cha nyuma. Aliomba radhi kwa maneno machache, ya mtu asiyezoea kuomba. Nilikuwa nimepika pilau, nikamkaribisha kwa sababu singeweza kufanya vingine, naye akaingia. Mume wangu alimwomba yeye ndiye atundike. Mikono yake ilijua. Baba yake, alisema, alikuwa anamshirikisha kila mwanzo wa mwezi alipobadilisha picha, yeye akiwa mtoto anashika kamba. Alikuwa amesahau kwamba aliwahi kulipenda jambo lile. Binti yetu alimuuliza kama naye alimwita mtawa mjomba, na hapo ndipo tulipoyaona meno yake kwa mara ya kwanza.

Majira ya joto yaliyofuata Mama Mzee alianguka bafuni. Hakuvunjika, ila miguu ilibaki dhaifu, na binti yake na daktari walikubaliana asiishi tena peke yake. Akahamia makao ya wazee hukohuko Falls Church, chumba kimoja na jiko dogo. Picha karibu zote zilienda kwenye jumba la makumbusho, kama marehemu alivyotaka. Mume wangu aliomba likizo kazini ili asaidie kufunga masanduku, yeye na yule wakili, siku nzima kila mmoja na glavu zake, wakibishana ni chura yupi alikuwa kipenzi cha baba. Punda tulipewa sisi, kwa maandishi na sahihi, wakili alisisitiza. Mama Mzee alibaki na picha chache tu za kubadilisha.

Sasa tunaenda kwake Jumapili baada ya ibada, tunapita barabara kuu ya Beltway na sahani ya chakula magotini kwangu. Kila mwezi mume wangu humtundikia nyingine. Jumapili iliyopita ilikuwa zamu ya mtawa mmoja aliyekaa kwenye kizingiti anajikuna mgongo kwa fimbo, uso umejaa raha. Mume wangu aliinyoosha ukutani, akarudi nyuma kuipima kwa jicho.

"Shusha," Mama Mzee akasema kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu.

Akashusha.

"Shusha tena."

"Mama Muzee, itagusa chini. Picha kama hii inakaa juu, watu wanaangalia wakiwa wamesimama."

"Watu gani? Mimi ninakaa."

Mume wangu alinitazama. Nilikuwa natafuta sufuria ya kuchemshia maziwa, nikamwonyesha kwa kichwa afanye anavyoambiwa. Akapiga magoti, akautoa ule msumari, akaupigilia chini, mpaka mwisho wa picha ukawa unagusana na zulia na uso wa mtawa ukawa sawasawa na uso wa Mama Mzee. Bibi akajisogeza na kiti chake, karibu kabisa.

"Mume wangu alikuwa mrefu," alisema. "Alizitundika zote kwa kimo chake. Sijawahi kuliona jino hili."

Mume wangu akainama kuangalia. Kweli mtawa alikuwa na jino moja, alama ndogo ya wino ndani ya tabasamu, hata yeye hakuwahi kuligundua. Wakabaki hivyo wawili, mmoja kwenye kiti na mwingine kwenye magoti yake, wakilijadili lile jino, mimi nikaendelea kupekua kabati nikitafuta majani ya chai.